Masweta kwa Watu Wasiosikia Baridi

Nilikuwa nafuma masweta ya shule pale Mjimwema kabla mitumba haijajaa Njombe, na niliendelea kufuma hata ilipojaa, kwa sababu nilikuwa na mashine na sikuwa na kazi nyingine niliyoipenda. Mashine yangu ilikuwa ya kusukuma kwa mkono, chuma kirefu chenye safu ya sindano, kimekaa juu ya meza kama kinanda cha kanisani. Niliinunua kwa masista waliotufundisha ufumaji tukiwa wasichana. Mume wangu ni seremala, na meza ile aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini, akaifunga ukutani ili isitikisike ninaposukuma.

Kufuma ni kazi inayoendana na Njombe. Kuanzia mwezi wa tano ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni nyumba ya jirani, na mwezi wa saba kuna siku majani ya viazi yanaamka meupe kwa sakitu. Mtoto haendi shule bila sweta. Nilipoanza, mzazi aliagiza sweta Januari akalipata Machi, na hakuna aliyenung'unika, maana hakukuwa na kwingine kwa kwenda.

Halafu soko likafunguliwa, na masweta ya watu wa mbali yakaanza kuja yamefungwa kwenye mabelo. Mama mwenye watoto watatu aliweza kuwavisha wote kwa bei ya sweta langu moja. Sikuwalaumu. Hata mimi wanangu niliwavisha ya mtumba siku za kawaida, wakabaki na ya kwangu kwa ajili ya kanisani. Lakini nilipokuwa nayakagua yale masweta ya mtumba niligundua kwamba nyuzi zake ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Mengine yalikuwa sufu tupu, laini, yenye rangi ambazo dukani kwetu hazijawahi kufika. Nikaanza kuyanunua ili niyafumue, nipate nyuzi.

Kufumua ilikuwa kazi ya mama mkwe wangu. Alikuwa Mkinga wa Makete, alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na hakupenda kukaa mikono mitupu. Alikuwa anaketi kwenye kizingiti penye jua, anatafuta mwisho wa uzi, anavuta, na sweta linapungua mapajani mwake huku mpira wa uzi unakua. Mimi ni Mbena. Yeye alizungumza Kikinga na Kiswahili kidogo cha sokoni, nami nikajibu kwa nilichonacho, na baada ya miaka michache tulikuwa tunaelewana hata bila kumaliza sentensi.

Masweta mazuri ya kufumua yalipatikana Makambako, si Njombe. Pale barabara zinakutana, malori yanashusha, na mabelo yanafunguliwa kabla wachuuzi hawajayagawana. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, mzee wa Kirangi aliyehamia kutoka Kondoa, ambaye aliniruhusu nichague mapema kwa sababu nilichukua yale yasiyotakiwa na mtu, yaliyochanika viwiko au yaliyoliwa na nondo. Kwangu tundu halikuwa neno. Tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, ananionyesha alikoyatupa yaliyoharibika, nami nainama nachambua.

Mzee huyo alikuwa na binti aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Alipomaliza masomo, baba yake hakutaka akae bure wala aende mbali tena, kwa hiyo akaondoa mabelo kwenye chumba cha mbele, akaweka kompyuta, akasimamisha dishi juu ya bati, na Makambako ikapata kafe ya intaneti. Upepo wa Makambako ulilisumbua sana lile dishi. Kila ulipovuma kwa nguvu, picha ziliganda, na mtu alilazimika kupanda juu kulinyoosha.

Siku moja nilikuwa nasubiri usafiri wa kurudi Njombe, upepo ukiwa mkali, yule binti akaniita niingie ndani nikae. Alikuwa peke yake. Kwenye kompyuta yake niliona mji mdogo wenye barabara na miti, na katikati mwanamke mrefu aliyevaa gauni refu la bluu na mtandio, anatembea. Nikadhani ni sinema. Nilikaa kidogo nikitazama, nikamuuliza sinema hiyo inahusu nini.

"Siyo sinema, mama," akasema. "Yule ni mimi."

Akanieleza taratibu. Ilikuwa dunia iliyojengwa ndani ya kompyuta, na watu wa nchi mbalimbali wanaingia humo kila mmoja na mwili aliojichagulia. Wanatembeleana, wanaongea kwa kuandika, wanajenga nyumba. Yeye aliingizwa na binamu yake wa kike aliyekuwa anasoma nje. Baba yake alijua, akamkubalia kwa sharti moja, kwamba hata huko ajisitiri. Shida ilikuwa kwamba nguo zote za huko zilikuwa fupi. Kwa hiyo alikaa akajifunza kuchora gauni lake mwenyewe na mtandio wake, na wanawake wengine walipomwona wakamuuliza wapi zinapouzwa. Hivyo alijikuta ni mshonaji.

Nilitazama mpaka usafiri wangu ukanipita. Kwa kuwa intaneti ilikuwa nzito, watu walifika kwanza wakiwa wa kijivu, hawana sura, halafu nguo zao zikaja polepole, vazi moja baada ya jingine. Nilipoziona nguo zenyewe, nilicheka moyoni. Masweta yalikuwa rangi tupu, kama rangi iliyopakwa ukutani. Nikamwambia kwamba sweta halikai hivyo, sweta lina matanzi ya uzi yaliyoshikana. Akasema hilo analijua ila hajui matanzi yanachorwaje.

Kikapuni nilikuwa na sweta la kijani nililolifuma wiki ile kwa nyuzi za mtumba, lenye mistari myeupe ya kupinda kifuani. Nililibeba nimwonyeshe mzee. Binti alilichukua, akalilaza juu ya kioo cha skana aliyokuwa anakopia vyeti vya watu, akafunika. Mwanga ukapita chini yake. Kilichotokea kwenye kioo cha kompyuta kilinishangaza. Kila tanzi lilikuwa kubwa kama punje ya hindi, na vinyweleo vya sufu vilionekana kimoja kimoja. Nilikuwa nimefuma miaka mingi sijawahi kuiona kazi yangu kwa karibu vile.

Tulianza hapo. Nilikuwa naenda Makambako kila mara belo linapofunguliwa, na nikishamaliza kuchagua naingia chumba cha mbele. Binti alikuwa na michoro kwenye kompyuta inayoonyesha mwili ulivyotandazwa, kifua huku, mgongo kule, mikono pembeni, kama vipande vya kitambaa kabla ya kushonwa. Kazi ilikuwa kukata ile picha ya sweta langu na kuilaza juu ya vipande hivyo. Mara ya kwanza mikono iligeuka juu chini. Mara ya pili mistari ya mbele ilipishana na ya nyuma ubavuni, na yule mwanamke mrefu alipogeuka alionekana kama amevaa masweta mawili. Nilimweleza kwamba sisi tunahesabu safu kutoka chini, ya mbele na ya nyuma zilingane, ndipo tunaunga. Yeye naye alinifundisha jinsi ya kutia kivuli chini ya kwapa na kwenye viwiko, maana kule ndani jua halitii kivuli kwenye mikunjo ya nguo, lazima ukichore wewe. Hilo sikulijua, na nililifurahia sana kulijua. Jioni nikiwa njiani kurudi nilikuwa natazama mikono ya makoti ya abiria, kivuli kinaangukia wapi.

Dunia ile tukaiita kule ndani. "Kule ndani wameulizia rangi ya zambarau," binti ananiambia kwa simu, nami naenda kutafuta zambarau.

Sweta letu la kwanza lililonunuliwa na mgeni lilikuwa lile la kijani. Nilikuwepo. Mtu mmoja wa kiume alisimama mbele ya kibanda tulichokipanga kule ndani, akasimama muda mrefu mpaka nikadhani intaneti imekatika, halafu kengele ndogo ikalia na binti akanishika mkono. Yule mtu alilivaa papo hapo. Akazunguka, akajitazama, akaondoka zake akipanda kilima. Nilijisikia kama siku ile ya mwanzo kabisa, nilipokaa dirishani nikamwona mtoto wa shule anapita nje ya nyumba yetu amevaa sweta nililolifuma, wala hajui kwamba namwangalia.

Malipo ya huko yalikuwa sarafu za huko. Miaka ile hapakuwa na njia ya kuzivuta mpaka benki ya Makambako, kwa hiyo zilibaki humohumo zikilipia kibanda. Mume wangu alipouliza biashara yenyewe inaleta nini nyumbani, nilimwambia ukweli kwamba bado haijaleta kitu, ila nauli ni ileile ninayoitumia kwenda kununua masweta ya kufumua. Akatafakari, akasema mradi simwachi mama yake na njaa, hana neno. Kesho yake akanichongea fremu ya mbao ya kunyooshea sweta kabla ya kulipiga picha.

Mama mkwe ndiye aliyetaka kuelewa zaidi. Aliniona nafuma sweta zuri, naondoka nalo, narudi nalo. Mwanzo alidhani halikupata mnunuzi. Nilipomwambia limenunuliwa na watu wengi, akaliinua akaligeuza.

"Sasa wao wamechukua nini?"

"Picha yake, mama."

"Na baridi wanaifanyaje?"

Nikamwambia kule ndani hakuna baridi. Akaendelea kufumua, kisha akasema siku nikienda tena twende wote.

Alijiandaa kama mtu anayekwenda kutembelea wakwe. Alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitambaa kipya kichwani, akabeba maharage ya kumpelekea mzee wa Kirangi. Mzee alimpokea kwa heshima kubwa, akamtafutia kiti chenye mgongo, akaagiza chai. Binti akawasha. Mama mkwe alitazama wale watu warefu wenye viuno vyembamba wakipita mbele ya kibanda chetu, mmoja baada ya mwingine, wengine wakiruka angani. Hakuogopa, wala hakushangaa sana kuruka kwao. Alichokiona ni kingine.

"Hawa wote ni vijana," akaniambia kwa Kikinga. "Wazee wao wako wapi?"

Nilimtafsiria binti. Alisema kila mtu anajichagulia mwili, na hakuna anayechagua uzee. Mama mkwe akasema basi yeye anauchagua.

Mchana wote ule tulimtengeneza bibi. Binti alikuwa anasogeza vipimo kwa kipanya, mama mkwe akiwa ameinama karibu na kioo akitoa maelekezo. Mgongo uinamishwe, lakini si sana, kwa sababu bado anabeba kuni. Miguu ifupishwe. Kifua kishuke, kimenyonyesha watoto tisa. Ngozi ikaletwa mpaka ikafanana na yake, na mikunjo ya uso tukaipata kwa kumpiga picha yeye mwenyewe. Kitambaa cha kichwani kililazwa kwenye skana akiwa amekivua, amejifunika khanga kichwani kwa muda. Mwisho tukamvisha sweta la kahawia lenye vifungo, na juu yake khanga. Mzee alikuja kuona kinachochelewesha chai kunywewa. Alisimama nyuma yetu, akamtazama yule bibi kwenye kompyuta, akamtazama mama mkwe, kisha akasema, "Shikamoo." Hatukujua alikuwa anamsalimia nani. Mama mkwe akaitikia marahaba.

Tukamweka bibi kwenye kigoda mbele ya kibanda. Watu wakaanza kusimama. Wengi hawakuwa wamewahi kukutana na mzee kule ndani, na waliuliza kama kweli nyuma yake kuna mtu mzima au ni utani tu. Binti akawaandikia kwamba mwenyewe amekaa hapa anakunywa chai. Basi ikawa wanauliza, binti ananitafsiria kwa Kiswahili, mimi namtafsiria mama mkwe kwa Kikinga changu kibovu, anajibu, na jibu linarudi njia ileile. Lilipowafikia lilikuwa limechoka, lakini walingoja.

Hakuwaambia mambo makubwa. Aliwauliza kama wamekula. Aliwauliza wamezaliwa wangapi kwao, na kwa nini wanatembea vifua wazi. Mmoja alisema yuko kazini, amejificha msimamizi wake asimwone, naye akamwambia arudi kazini. Salamu yake ilikuwa kamwene, kama wote wa kwetu, na binti aliiacha hivyohivyo bila kuitafsiri. Baada ya muda wateja walipofika walianza wao, kamwene, kila mmoja akiiandika kwa namna yake.

Tangu hapo mama mkwe alikuja nami kila alipoweza. Alisema ni vizuri kutembea. Safari moja akaja mteja mwenye mabawa makubwa meupe, kama ya korongo. Kule ndani wapo wengi wa namna hiyo, wengine wana mikia, wengine masikio ya paka, na mimi nilikuwa nimeshawazoea. Alilipenda sweta moja la bluu, lakini alipolijaribu mabawa yalitokeza katikati ya mistari ya mgongoni kama yamelitoboa. Akaomba radhi, akasema anajua kosa ni la mabawa yake.

Mama mkwe alitaka kujua anasema nini. Nilipomweleza, alifikiri kidogo tu.

"Mwambie angoje," akasema. "Mlifungue mgongoni, kama gauni la mama anayenyonyesha, ila kwa nyuma."

Kwetu Njombe kila mwanamke anajua gauni hilo, lenye mipasuo miwili kifuani iliyofichwa chini ya mkunjo. Nikarudi nyumbani nikalifuma sweta la namna hiyo, la kweli, lenye mipasuo miwili mgongoni, kila mmoja umemaliziwa kwa ukingo unaovutika, na mkunjo unaoshuka juu yake. Lilikuwa sweta la ajabu kuliko yote niliyowahi kufuma. Mume wangu alilishika akauliza nani atalivaa, nikasema malaika mmoja wa mbali. Tukalipiga picha juu ya ile fremu, binti akakata penye mipasuo pakawa wazi, na mabawa yakatoka humo kama yamezaliwa nalo.

Yule mteja aliwaita wenzake. Kumbe wenye mabawa wote walikuwa na taabu hiyohiyo, na hakuna fundi aliyekaa akawafikiria. Wakaja kwa makundi. Ndani ya miezi michache kibanda chetu kikawa duka lenye paa, na binti alikuwa ananipigia simu mpaka ninapokuwa shambani kwamba wanataka la mikono mifupi, wanataka la kola, wanataka la rangi ya machungwa. Nilikuwa nafuma vipande vya majaribio usiku na mchana, na Jumapili naenda kanisani vidole vimekauka. Nilikuwa na furaha. Sijui kuielezea vizuri zaidi. Watoto walikuwa wazima, viazi vilikubali mwaka ule, na kila asubuhi niliamka nina sweta jipya kichwani.

Kati ya wateja alikuwepo mwanamke mmoja asiye na mabawa wala mkia, amejifanya wa makamo na nywele za mvi kidogo. Alisema alipomwona bibi yetu alipata ujasiri wa kuongeza mvi. Alizoea kusimama karibu sana na masweta, akiyatazama. Siku moja aliandika kwamba kwenye sweta letu la kahawia, karibu na kifungo cha chini, kuna tanzi lililoruka, likaokotwa safu iliyofuata. Akauliza kama tumelichora hivyo makusudi.

Binti aliponitafsiria, mikono yangu ilitaka kujificha. Tanzi lile nililikumbuka. Mtoto aliniita nikageuka, na niliporudi lilikuwa limeshateleza. Nikasema mwambie hapana, ni kosa langu, nililifuma kwa mashine, na sweta lenyewe ninalo hapa nimelivaa.

Yule mwanamke akaandika kwamba yeye naye ni mfumaji, ana duka dogo la nyuzi katika nchi yenye theluji, na kwa muda wote huo alikuwa anajiuliza kama masweta haya yapo mahali fulani duniani. Alitaka kujua natumia mashine gani, nafuma nikiwa nimekaa au nimesimama, nyuzi napata wapi. Nilimweleza habari ya mabelo, na mama mkwe kizingitini anafumua. Akasema inawezekana kabisa baadhi ya nyuzi hizo zilitoka dukani kwake. Tuliongea mambo ya kufuma mpaka taa za barabarani zikawaka, na mimi na mama mkwe tulilala kwa mzee, chumba cha wageni, mkewe akatupikia wali.

Yeye ndiye aliyepata njia ya kuondoa sarafu zetu kule ndani. Zake zilikuwa zinakubalika benki kwao. Akapendekeza tumpe za kwetu, naye atutumie nyuzi kwa posta. Mzee alipoombwa ushauri alisema watu wa mbali wana maneno mazuri, lakini mfanyabiashara asiyethubutu kutoa mzigo wa kwanza hatapata wa pili. Tukampa.

Zilipita wiki nyingi. Nilikuwa nimeshaacha kuzifikiria, posta ya Njombe ilipoleta taarifa kwamba kuna mzigo. Nilikwenda na mume wangu. Lilikuwa boksi kubwa mpaka akalibeba begani. Tulilifungua nyumbani, kwenye meza ya mashine, mama mkwe akiwa ameketi mbele kabisa. Zilikuwa nyuzi mpya, hazijawahi kuvaliwa na mtu, zimesokotwa vizuri, kijivu cha mawingu, nyekundu ya damu ya mzee, na bluu niliyoichagua mimi mwenyewe kwenye picha. Mama mkwe alitia mkono ndani akautuliza humo. Alisema hajawahi kushika uzi usio na historia ya mtu, halafu akauliza sasa yeye atafumua nini.

Nilimwambia atapumzika. Hakupenda. Kwa hiyo nikaendelea kumnunulia masweta ya mtumba hata pale nyuzi zilipokuwa nyingi, na mipira ya uzi ikajaa chini ya kitanda chake, naye akawa anawagawia wanawake wa jumuiya.

Kwa nyuzi zile nilifuma masweta ambayo sikuwahi kuyamudu. Mengine tuliyaingiza kule ndani, na baada ya hapo yaliuzwa Njombe, kwa walimu na manesi, na kwa bwana harusi mmoja aliyetaka la kuvaa asubuhi baada ya sherehe. Watu wakaanza kuulizana sweta hilo la wapi. La mtumba lilikuwa rahisi, bado ni rahisi, lakini mtu akilitaka la mwili wake alikuja Mjimwema. Boksi la pili lilikuja, na la tatu. Sweta la mabawa lenyewe lilibaki ukutani kwangu miaka mingi, mpaka binti yangu alipojifungua pacha, akalivaa kinyume, mgongo mbele, akasema hajapata nguo ya kunyonyeshea inayomfaa kama hiyo.

Mambo ya kule ndani yaliisha taratibu, bila ugomvi. Simu za mkononi zikawa zinafanya kila kitu, watu wakaacha kukaa kwenye kafe, na mzee akageuza chumba cha mbele kikawa duka la simu na vocha. Binti yake alichumbiwa na mwalimu wa Kondoa, mtu mpole ambaye sote tulimpenda. Kabla hajaondoka tuliingia mara ya mwisho, sote watatu. Duka tukamkabidhi yule mwenye nyuzi, pamoja na masweta yote. Tukamsimamisha bibi kutoka kwenye kigoda, na mama mkwe akaomba atembezwe kidogo kabla hajatoka. Binti akampitisha barabarani, akampandisha kilima, akamfikisha kwenye maji ambayo hatukuwahi kuyaona, maana siku zote tulikuwa tunakaa dukani. Mama mkwe alisema ni pazuri, pametulia, ila hapana hata mtu mmoja anayelima. Kisha akaomba tuondoke mapema tuwahi gari.

Binti wa mzee alikuja kunitembelea Njombe mwaka uliofuata, mwezi wa sita, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Hakuwa amezoea baridi yetu, alikuwa anatetemeka. Nilimkalisha karibu na jiko la mkaa, mama mkwe akampokea mtoto, akamshika kichwa, akasema kina joto lakini masikio ni ya baridi. Nikavuta mpira wa uzi wa njano, nikachukua sindano mbili za mkono, nikaanza kofia. Tuliongea juu ya Kondoa, mvua zao, mama mkwe wake, bei ya mafuta ya alizeti, na kama mtoto analala usiku. Chai ilipochemka nilikuwa nimeshafika kwenye kupunguza matanzi ya juu. Nikamaliza, nikamvika, ikamkaa vizuri.